Jibu: nani alichunguza radiamu ndani ya miili ya watu?
Ndugu, umeuliza nani alipima madhara ya radiamu, metali inayotoa mionzi hatari, kwa watu walio hai, na kwa njia gani. Mfuatilie Robley Evans, mwanafizikia wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia Marekani. Wasichana waliopaka rangi ya kung'aa kwenye saa walichongoa ncha ya brashi kwa midomo, wakawa wanameza radiamu kidogo kidogo. Mwili huichukulia kama kalsiamu, ikatulia mifupani. Wengine taya zilioza kabisa. Inauma sana! Evans alipima radoni, gesi inayotokana na radiamu, katika pumzi zao, pamoja na miale ya gama, yaani mionzi inayopenya mwili, iliyotoka mwilini. Mwaka 1941, yeye na wenzake wakaweka ukomo wa radiamu inayoruhusiwa mwilini: mikrogramu 0.1. Aliendelea kuwafuatilia kwa miongo, na hapo ndipo namheshimu zaidi.