Swali: Mwanangu akipiga makasia kwenye "harusi ya bahari" Venezia, ni ushirikina?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Padri. Mimi Mtanzania, naishi Mestre karibu na Venezia, huku Italia, kazi yangu kulea wazee. Mwanangu ana miaka 15 yuko klabu ya kupiga makasia, sasa wameambiwa Jumapili ya sikukuu ya Sensa watasindikiza boti ya meya mpaka kwenye mlango wa bahari, meya anatupa pete majini, wanasema ni harusi ya Venezia na bahari. Bibi yake Bagamoyo kasikia, kanipigia usiku analia, anasema huko ni kumuoza mtoto kwa jini la baharini. Nimkataze?

JIBU: Milele amina mama, na pole kwa hiyo simu. Usimkatalie bibi haraka haraka, mtu wa pwani akisikia kitu cha thamani kinatupwa baharini lazima ashtuke, na hofu yake ina msingi.

Tuanze na hiyo sikukuu yenyewe. Sensa kwa lugha ya pale ni Kupaa Bwana. Mwaka 1000, siku ya Kupaa Bwana, mtawala wao waliyemwita Doge, Pietro Orseolo wa pili, alitoka na meli zake kwenda pwani ya Dalmatia, ndiyo Kroatia ya leo, akarudi na ushindi, na baada ya hapo kila mwaka siku hiyo walikuwa wanatoka mpaka baharini kubariki maji. Mwanzoni ilikuwa baraka tu, hakuna pete. Askofu anabariki maji, anaomba bahari iwe tulivu kwa wote wanaosafiri juu yake, wanaimba ile Zaburi ya 51, "Unisafishe kwa hisopo nami nitakuwa safi", anamnyunyizia Doge, yanayobaki yanamwagwa baharini. Yaani toba kabisa mama, unaomba msamaha kabla hujasafiri! Pete inasimuliwa ilikuja mwaka 1177, Papa Aleksanda wa Tatu alipopatana na Kaisari wa Wajerumani, Frederick Barbarossa, palepale Venezia, inasemekana akampa Doge pete kwa shukrani, na ndo ikaanza hii lugha ya harusi.

Na hapo ndipo mimi nina neno, tena silo la hilo jini la bibi. Doge alipotupa pete alikuwa anasema, tunakuoa ewe bahari, kuwa ishara ya utawala wa kweli na wa daima. Utawala! Wa daima! Si Zaburi ya 95 inasema "Bahari ni yake, ndiye aliyeifanya"? Meli yenyewe ya Doge walifanya kuipaka dhahabu, ile ya mwisho ya mwaka 1729 ilikuwa na makasia 42, kila kasia watu wanne, basi jamhuri ikaanguka 1797 na mwaka uliofuata wanajeshi wa Ufaransa wakaichoma moto wapate dhahabu yake. Sherehe ikakaa kimya mpaka mwaka 1965 mji ulipoifufua kama sikukuu ya wenyeji, sasa meya anashika nafasi ya Doge, na mashindano ya makasia yapo, ndo mwanao anakoingia.

Je, ni ndoa? Hapana. Ndoa ni sakramenti ya mwanamume na mwanamke waliobatizwa, kila mmoja anasema ndiyo kwa hiari yake, bahari haina hiari wala ulimi. Baraka ya pete na ya bahari ni visakramenti, kama tunavyobariki nyumba, gari, shamba.

Sasa la bibi. Nimewahi kuhudumu parokia ya pwani, siku moja wakaniita nibariki mashua mpya kabla haijashuliwa, bado inanuka sifa, yale mafuta ya papa, na kalafati mbichi kwenye maungio ya mbao, halafu naona kwenye gubeti, pale mbele ya mashua, kuna kitambaa chekundu kimefungwa vizuri kabisa, nikamuuliza nahodha hiki cha nini, akaangalia chini, mwisho akasema taratibu, "cha wenyewe", yaani majini wa baharini. Sikumgombeza. Nikamwambia mimi nakuja kumwomba Mungu peke yake, huyo mwingine siwezi kumuomba pamoja nawe. Akakifungua kwa mkono wake tukaendelea. Mama, kipimo ni hicho hicho kwa Venezia, uliza wanamuomba nani na wanategemea nini. Pale hakuna anayeomba mwenye bahari aliye chini, hakuna kafara, pete inabarikiwa kwa jina la Utatu Mtakatifu. Hata Papa Fransisko tarehe 8 Julai 2013 alifika Lampedusa, kisiwa cha Italia, akatupa shada la maua baharini kuwaombea wahamiaji waliozama, na hakuna aliyesema amewapa majini maua. Kitu kutupwa majini peke yake hakijawa ibada ya mashetani.

Ila mtu akianza kusema pete inaleta bahati, hapo simama. Mji wa Cervia, kusini ya Venezia kwenye bahari hiyohiyo, wana sherehe inayofanana, inasimuliwa mwaka 1445 askofu wao Pietro Barbo alikumbwa na dhoruba akatupa pete yake akaomba, wakaokoka, na mpaka leo vijana wanapiga mbizi kuigombania pete. Kuogelea ni raha, sina neno. Kuamini aliyeipata atakuwa na mwaka mzuri kwa sababu ya pete, hilo ni kumtoa Mungu kwenye nafasi yake, na Mkristo asilishike.

Kwa hiyo mruhusu aende. Ila mfundishe hayo maneno ya utawala asiyabebe moyoni, meya akitupa pete yeye aseme kimoyomoyo "Bahari ni yake, ndiye aliyeifanya", na awaombee waliozama, maana maji hayo ya Adria, bahari ya Venezia, yanaungana na yale ya Lampedusa ambako tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo wa 2013 walikufa watu 368 kwa boti moja, wengi wao Waeritrea, watu wa upande wetu wa Afrika.

Kingine, ni Jumapili, Misa isipotee kwa ajili ya mashindano. Baada ya pete huwa kuna Misa kanisa la Mtakatifu Nikola, msimamizi wa mabaharia, palepale kisiwa cha Lido kwenye mlango wa bahari, aingie hata kama nguo zimelowa. Wewe nenda naye, na mkifika mpigie bibi kwa video, umuonyeshe altare.