Tairi nene au mauntini ya kawaida kwa Mbeya?

Kaka uliyeuliza kama uuze mauntini baiki yako, yaani baiskeli ya milimani, uchukue ya tairi nene, mi nakwambia usiuze kwanza. Zile nene zilianza kwa ajili ya theluji na mchanga, tairi linafika inchi 4 mpaka 5 wakati lako ni 2 na kitu hivi, sasa ukiwa Matema kule Kyela, pale ufukweni Ziwa Nyasa, unapunguza upepo mpaka psi 8 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) tairi linajilaza linapita juu ya mchanga, mwenye ya kawaida kashuka anasukuma. Raha sana aisee. Ila huku kwetu ni milima, pandisha nalo barabara ya Chunya ule mlima wa Kawetere uone, zito halafu linang'ang'ania lami mpaka mapaja yanawaka moto. Na tope la Tukuyu usidanganyike, lile la utelezi tairi pana linaelea juu linateleza, jembamba linakata linafika pagumu. Nyingi pia hazina shokapu, ukizidisha upepo kidogo unadundadunda tu kwenye mashimo. Pancha ndo usiseme, tyubu yake utaizungukia mji mzima. Kama kila wikiendi uko Kyela sawa nunua, la sivyo weka tairi za inchi 2.4 kwenye hiyo yako kama fremu inaruhusu.