Ombi la kumlea mtoto lisiwe kizuizi cha kumwona

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza kama ni haki kwa Marekani kumwekea kikomo cha siku 30 mtoto aliye katika malezi ya kambo anapokwenda kukaa na ndugu wa jimbo jingine. Kikomo hicho nakiunga mkono. Ninachokipinga ni sharti jingine lililofungwa ndani ya kanuni hiyohiyo.

Chanzo cha kanuni hiyo ni makubaliano ya majimbo kuhusu kuwapatia watoto makao, ambayo New York iliyaridhia kwanza mwaka 1960 na ambayo sasa yanayafunga majimbo yote 50. Mtoto hapelekwi kuishi kwa mlezi wa jimbo jingine mpaka jimbo hilo likague nyumba na kutoa kibali. Ziara haihitaji kibali hicho, na kwa sababu hiyo Kanuni ya 9 ya makubaliano hayo imeiwekea mipaka: tarehe ya mwisho ijulikane tangu mwanzo, muda usizidi siku 30 au kipindi cha likizo ya shule, wala usiongezwe kupita hapo. Bila mipaka hiyo, mtoto angeweza kuhamishwa kwa jina la matembezi, akaishi katika nyumba ambayo hakuna ofisa ustawi wa jamii aliyeikagua.

Kanuni hiyo inaendelea kusema kwamba, iwapo ombi la ukaguzi wa nyumba lilikwisha kupelekwa kabla ya safari, safari hiyo itachukuliwa kuwa si ziara. Maana yake ni kwamba shangazi aliyejitokeza kutaka kumlea mtoto anawekewa kizuizi ambacho jamaa asiyeomba chochote hakutani nacho. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2006 inatoa siku 60 za kukamilisha ripoti ya ukaguzi, na kwa mtoto wa miaka mitatu aliyekwisha kutenganishwa na wazazi wake, miezi miwili bila kumwona ndugu anayemtaka ni mingi mno.

Dhana hiyo kwamba safari si ziara, hata hivyo, inaweza kukanushwa. Ofisa wa mtoto au wakili wake aandike tarehe ya kwenda na ya kurudi, aambatanishe tiketi, na amwombe hakimu aitaje safari kuwa ziara katika amri yake. Familia nyingi zingefaidika kama zingeambiwa hivyo mapema, badala ya kujibiwa tu kwamba haiwezekani. Kwa maoni yangu, sharti hilo liondolewe kabisa kwa bibi, babu, shangazi, mjomba na ndugu wakubwa, na tarehe ya kurudi iliyothibitishwa na mahakama itoshe.