Unauguza mzazi nyumbani? Na wewe pumua basi

Juzi dada mmoja wa Iringa kaniandikia, anamuuguza baba yake, anasema siku hizi simu ikiita tu moyo unamwenda mbio, afanyeje. Hiyo ya simu naijua jamani. Mama alipopata kiharusi, upande wa kulia ukalala, mimi ndo nilikuwa hapa Uyole, Mbeya, ndugu zangu wote Dar, basi grupu la familia likilia tu najua ni "mbona mama kakonda hivyo?" Picha natuma mimi, lawama napokea mimi. Mpaka leo likilia tumbo linakaza.

Aliyenisaidia ni yule kaka wa mazoezi ya viungo. Alikuja kumnyoosha mama, akaniangalia mimi, "dada, mbona mabega yamepanda mpaka masikioni?" Akanionyesha: mkono mmoja tumboni, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo ndo liinuke sio kifua, halafu toa polepole hadi sita. Ile ya kutoka ikiwa ndefu mapigo ya moyo yanatulia, sio uchawi, mwili ndo ulivyo. Sasa muda nautoa wapi? Mgonjwa wa kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda, kwa hiyo nikaunganisha humohumo, nikishamgeuza na kumwekea mto mgongoni napumua mara tano, ndo naenda kukoroga uji. Hata Julai, baridi ya Uyole mnaijua, vidole vimekufa ganzi, nilifanya.

Usiku nakaza ngumi, nahesabu, naachia, halafu mabega, uso, mpaka miguu. Hii daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, aliieneza tangu miaka ya 1920. Mara nyingi nasinzia kabla sijafika magotini.

Sasa nisikilizeni mnaouguza. Acheni kujifanya chuma. Kusali tunasali wote, ila Mungu kakupa na mapafu, yatumie! Na kama hulali kabisa wiki na wiki, au unawaza bora ufe, hapo pumzi haitoshi, nenda hospitali ukaseme hivyohivyo, usione aibu.

Na nyie ndugu wa mbali wenye maswali mengi, njooni mkae na mgonjwa hata wiki moja, huyu mwenzenu alale. Mabasi ya Dar kuja Mbeya yapo kila siku.