Staji ya likizo kwa mwanafunzi wa sheria, Lubumbashi

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kupata staji, yaani mafunzo ya kazi, kwa wakili wakati wa likizo kubwa. Anaweza, ila asiombe kuandika hati za mahakama. Aombe kupanga mafaili na kunakili tarehe za kesi. Kabla ya kupeleka barua, nenda ukakae asubuhi kadhaa katika mahakama ya amani (tribunal de paix, mahakama ya ngazi ya chini), kwani kifungu cha 20 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinataka kesi zisikilizwe hadharani, isipokuwa pale usalama wa umma au maadili yanapohatarishwa. Ukishawaona mawakili wakitetea watu, utajua ni nani unayetaka kujifunza kwake, na barua yako, ambayo nakusihi uipeleke mwenyewe, itaeleza sababu. Habari ya nauli ya kwenda staji umuulize wakili mapema.