Ukipunguzwa kazi, usijitenge na wenzako

Wengi huamini kuwa mtu akiachishwa kazi atapandwa na hasira, na hasira hiyo itampeleka barabarani kuandamana. Idara yetu ilipofutwa, nilichokiona mimi ni ukimya. Watu waliacha kupokea simu. Mkutano wa kwanza wa chama cha wafanyakazi ulijaa hadi wengine wakasimama. Baada ya miezi michache tulibaki wachache, na waliokosekana ndio waliokuwa wakidai fedha nyingi zaidi.

Hali hii ina historia. Katika kijiji cha Marienthal, Austria, kiwanda cha nguo kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, na nyumba nyingi zikakosa mshahara. Watafiti waliofika huko baadaye waliwakuta wanaume wakitembea polepole, wakisimamasimama njiani. Maktaba ilikuwa imeondoa ada, lakini uazimaji wa vitabu ukashuka kwa karibu nusu. Hata gazeti la siasa walilolipenda, ambalo wasio na kazi waliuziwa kwa bei nafuu, walizidi kuliacha. Nafasi ya kusoma walikuwa nayo tele. Hamu ndiyo iliyokwisha.

Wanasiasa wa lawama huwapata watu wakiwa katika hali hiyo. Mtu aliyejifungia miezi kadhaa akiamini kosa ni lake, akija wa kumwambia kosa ni la wageni, anahisi ametuliwa mzigo. Nimewasikia wenzangu wenye busara zao wakilaumu wageni, ilhali barua zetu zote zilitaja mashine mpya na kupungua kwa oda. Uchungu wao naujua na siudharau. Lakini kura ya namna hiyo haimrudishii mtu hata mshahara wa mwezi mmoja. Mgombea akija kuomba kura yako, muulize kuhusu muda wa notisi. Muulize kampuni ikifilisika nani analipwa kwanza, benki au mfanyakazi. Mafunzo ya kazi mpya nayo, atayagharimia nani?

Kabla ya kufika kwenye kura, kuna karatasi. Kusanya mkataba, hati za mishahara na barua ya kupunguzwa, kisha ukae na wenzako mzilinganishe mstari kwa mstari. Sisi tulifanya hivyo mezani kwa mwenzetu mmoja. Akiwa ameshika kalamu, aligundua siku zake za likizo ambazo hakuzitumia hazikuhesabiwa kwenye malipo. Kila mmoja akafungua bahasha yake: kasoro ileile. Peke yake, kila mtu angedhani amehesabu vibaya na angenyamaza. Tuliandika barua moja, tukaisaini wote, na fedha za likizo zikalipwa. Kiinua mgongo kilichukua muda mrefu zaidi, na kuna waliokata tamaa katikati.

Nyumbani, waambie siku hiyohiyo, watoto wakiwemo. Kuamka na kuvaa kana kwamba unakwenda kazini kunachosha kuliko ukata wenyewe, na matumizi hayawezi kupangwa upya na mtu mmoja kwa siri.

Na ukiona mwenzako amenyamaza, ujumbe wa simu hautoshi. Nenda kwake, mwombe alete karatasi zake, mzipitie pamoja, kisha umtajie siku ya mkutano ujao na saa utakayompitia.