Kujitambua Kati ya Watu: Majibu kwa Wasomaji

Wasomaji wa riwaya zangu hapa Kilimanjaro na Arusha huniuliza zaidi kuhusu maisha ya nafsi kuliko kuhusu wahusika. Leo nawajibu wanne.

Shikamoo mwandishi. Mtu anayetaka kujitambua aanzie wapi? (Majengo, Moshi)

Marahaba mwanangu. Aanzie kwenye matendo yake ya kila siku, kwa maana moyo ukijisimulia wenyewe hujipendelea. Mimi humfahamu mhusika ninapomwona akinunua ndizi soko la Mbuyuni jioni, mvua ikinukia na mama muuzaji akitaka kumaliza mkungu wake ili awahi gari la kupanda kijijini. Anayeitumia haraka ya mama huyo kumpunja amekwisha kujieleza, hata kama asubuhi alihudhuria ibada.

Je, ni lazima nijitenge ili nikue kiroho? (Sakina, Arusha)

Kwa muda tu. Yesu alikaa nyikani siku 40, na Mtume Muhammad alikuwa akijitenga katika pango la Hira; wote wawili walirudi kwa watu, na kazi yao ilikuwa huko.

Nimekosana na kaka yangu kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la migomba tulilorithi. Nafunga na kusali, lakini amani sipati. (Marangu)

Pole sana, mdogo wangu. Ugomvi wa ardhi aliyoiacha baba huuma kuliko mwingine wowote. Wazee wetu wa Kichagga walipanda isale kwenye mipaka ya vihamba, na jani la mmea huohuo ndilo lililopelekwa kuomba msamaha, naye aliyeletewa aliona vigumu mno kulikataa. Naliona hilo kuwa jambo la hekima kubwa, kwamba mmea unaowatenganisha ndugu ndio uliowekewa kazi ya kuwapatanisha. Suala la mpaka wenyewe linaweza kusuluhishwa na wazee wa ukoo au, ikibidi, na Baraza la Ardhi la Kijiji. Lakini ukibisha hodi kwa kaka yako ukiwa na isale mkononi, huenda ukagundua ambalo kufunga hakujakuonyesha: kama unachokitaka ni ile migomba ya mpakani, au ni kusikia kutoka kwake kwamba baba aliwapenda nyote sawa. Fuatana na mzee mnayemheshimu wote wawili, wala usingoje Desemba, kwa sababu ndugu wakishapanda wote kutoka Dar es Salaam, kila mmoja wenu atakuwa akilinda heshima yake mbele yao.

Kuandika shajara kutanisaidia? (Njiro, Arusha)

Kutakusaidia, ukitanguliza uliyoyatenda kabla ya ulivyojisikia. Daftari la shule linatosha. Andika ni nani uliyemkwaza, ulimwambia nini na yeye alijibuje, kisha liweke mwezi mzima bila kulifungua, ndipo ulisome kama unavyosoma habari za mtu baki.